Begi la Chumvi

Kila asubuhi jirani yetu hujaza chumvi begi lake la mgongoni, kisha hupanda na kushuka vilima vya mchanga vya Mambrui kujizoeza, maana tajiri wake Mtaliano atampeleka kwao kuwinda mbuzi wa milimani. Hukaza mikanda mara tatu, huhema kama pampu.

"Lete hapa, mwanangu," akasema siku moja Bi Sidi, kikongwe wa nyumba ya pili. "Mimi nimebeba kuni Ganze miaka hamsini."

Akalitwika kichwani juu ya kata ya leso, akaapa hatatua mpaka kileleni. Katikati magoti yakakataa, mdomo tu ukaendelea kupanda. Akaanguka kifudifudi.

"Umechoka, mama?"

"Nichoke mimi? Nawavizia mbuzi."

Jirani hakucheka. Alilala mchangani kando yake, akanong'ona, "Wako wangapi?"