Mzee Niliyemwamkia Kwenye Darubini

Mimi hapa situngi. Hadithi za kuwalaza wajukuu ninazo nyingi, na hii sijawahi kuwasimulia hata siku moja. Hii ilitokea Kilimatinde, nyumbani kwa baba yangu, wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa na miaka kumi, labda kumi na moja. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele utanikera.

Baba alikuwa mchukuzi wa bwana mmoja mpima ardhi. Kwa miaka mingi alimbebea vyombo vyake porini, kutoka Manyoni mpaka Iramba, na bwana yule aliporudi kwao baada ya vita vya Hitla alimwachia darubini ndogo ya shaba aliyokuwa akitazamia nyota, pamoja na miguu yake mitatu ya mbao. Wenzake waliachiwa makoti na masufuria. Mama aliuliza darubini inapikwaje.

Lakini jioni ya kwanza hata mama mwenyewe alisahau jiko. Baba aliisimamisha uani, akaielekeza kwenye mwezi mchanga, tukachungulia kwa zamu: baba, mama, dada yangu Damari, na mimi. Damari alikuwa mkubwa wangu, ameshachumbiwa, na nusu ya ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaletwa. Alipoona mwezi una makovu alipiga kelele, akanikumbatia shingo mpaka nikakosa pumzi. Tulikuwa watu wanne tu, na tulisukumana kama watoto wa shule. Sijaiona tena familia yetu ikifurahi vile.

Kitu kimoja kilitushangaza. Darubini ile ilionyesha kila kitu miguu juu. Kwenye mwezi huwezi kujua, mwezi hauna miguu. Lakini mchana ukitazama ng'ombe, wananing'inia. Baba alitueleza kwamba darubini za nyota ndivyo zilivyo, vioo vyake hupindua.

"Si mbovu," alisema. "Kila kitu cha dunia hii kinapinduka humo. Mkiona ambacho hakijapinduka, mniambie."

Alisema kwa mzaha, na sisi tukacheka.

Mwezi ulipokuwa mpevu, baba alitaka tuuone ukichomoza. Kwetu ni juu ukingoni. Ua wetu ulitazama mashariki, na chini yake kulikuwa na bonde lote, mbuga tupu mpaka macho yanachoka. Jua lilipoanza kuzama nyuma yetu, aliielekeza darubini kule chini bondeni, mwezi unakotokea, akaniambia nilinde, nimwite nikiuona. Yeye akaenda kufunga zizi.

Nikatazama. Niliona migunga imening'inia, na ng'ombe wa watu wanarudi nyumbani, miguu juu. Na katikati ya ng'ombe wale alikuwepo mzee mmoja, amesimama wima, kichwa juu, miguu chini, kama ninavyokuona wewe sasa.

Nisikilize vizuri hapa. Sikuogopa. Ningeogopa nini? Nilikuwa mtoto, nikafurahi kuona mtu mmoja hatimaye amekaa sawasawa. Alikuwa amejifunga blanketi la kijivu, ana fimbo, na alikuwa akinitazama mimi. Sasa sisi tulilelewa kwa kiboko: ukikutana macho na mtu mzima unamwamkia, hakuna cha mbali wala cha karibu. Mara ngapi mama alinichapa kwa kumpita mzee kimya? Kwa hiyo mdomo wangu ulifanya ulichozoea.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Niliisikia sauti ile sikioni, pamoja na pumzi yake. Nikaondoa jicho haraka. Uani hapakuwa na mtu. Nikarudisha jicho, nikaona ng'ombe na migunga tu. Kisha mwezi ukachomoza, mwekundu, nikamwita baba, na sikumwambia neno lolote.

Kutoka bondeni kule hadi kwetu ni mwendo wa nusu siku, na mwisho wake ni kupanda mlima. Niamini: ugali wa mama ulikuwa haujaiva tulipobishiwa hodi.

"Karibu, mzee wangu, karibu ndani," baba akasema, maana baba hakuwahi kumwacha mgeni nje.

Alikuwa yeye. Blanketi lile lile, fimbo ile ile. Baba akanigeukia.

"Mwamkie mzee."

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Mwache," mzee akasema. "Huyu tumeshaamkiana. Ndiyo maana nimekuja."

Baba alidhani tumekutana kisimani. Alinitazama, nami nikainamisha kichwa. Hapo ndipo pangetosha neno moja tu, na sikulisema.

Kwa furaha yake baba akamwonyesha mgeni darubini. Mzee hakuutaka mwezi. Aliigeuza taratibu ikaelekea mlango wa jiko, hatua kumi tu kutoka hapo, walipokuwa mama na Damari.

"Hapo karibu huoni kitu, mzee," baba akamwambia. "Ni ukungu tu."

"Naona," alijibu. "Mama amepinduka. Huyu binti mwenye chungu amesimama vizuri."

Akanitazama, akatabasamu kama mtu anayeshukuru. Chakula alikikataa, akaaga. Baba alimsindikiza mpaka langoni, akarudi upesi mno, akasema mzee yule ana mwendo wa haraka.

Siku ya tatu, baba akiwa kwa jirani, niliitoa darubini peke yangu nikaielekeza njia ya kisimani. Jioni haijaingia bado. Wanawake sita walikuwa wakipanda na mitungi kichwani. Watano walining'inia, na maji hayamwagiki. Wa sita alipanda wima. Sikuhitaji kuuona uso wake. Nilimjua kwa mwendo.

Nikakimbia kumpokea, nikamshika mkono, sikutaka kuuachia.

"Una nini leo?" Damari akaniuliza.

Nikamwambia nina njaa.

Mwezi ule haukwisha. Alishikwa na homa, akalala nayo siku sita, tukamzika. Ng'ombe wa mahari walirudishwa kwa wenyewe.

Mama alimwambia baba maneno haya mbele ya waombolezaji: "Wewe na bomba lako, na karibu zako, ndio mliomwingiza mtu yule kwangu." Siku zote kabla ya hapo alikuwa akimwita Baba Damari. Tangu siku ile hakumwita tena hivyo, wala hakumwita jina lolote. Alikuwa akiniambia mimi, "Mwambie huyo chakula tayari." Baba aliifunga darubini kwenye gunia akaifukia zizini. Kila jioni aliingia ndani kabla ya giza, akakaa ameelekea ukuta. Waliishi hivyo miaka ishirini na zaidi, na mama akafa hajamsamehe.

Sasa nikuonye, maana siku hizi naona watoto wana vioo vya kila aina vya kutazamia mbali. Tazama nyota upendavyo. Lakini ukimwona mtu humo, hata awe mzee wa heshima namna gani, funga mdomo. Mwamkie atakapofika mbele yako kwa miguu yake. Na kama ulimi umeshakuponyoka, sema siku ile ile, mwambie yeyote aliye karibu, hata wakupige.

Baba alipokuwa anakaribia kufa nilikuwa nimekaa kitandani kwake, namlisha uji. Aliniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, yule mzee ulimwamkia wapi?"

Nikamjibu, "Kisimani, baba."