Globu ya Mwisho ya Zdravka

Basi la wasanii lilipopinda kona ya mwisho, mji mdogo wa Chiprovtsi ukatokea chini ya theluji. Zdravka, fundi taa wa kikundi, hakuwahi kufika huko. Mapajani alipakata globu kubwa iliyoviringishwa skafu. Kiwanda kilichoitengeneza kilishafungwa, na hiyo ndiyo pekee iliyobaki.

"Siku globu hiyo ikifa, nawe unastaafu," mkurugenzi wa kikundi alikuwa amemwambia. "Naleta taa za kisasa."

Ukumbini walipokewa na mtunzaji wake, mzee Gerasim, kwa banitsa ya moto, mkate wao wa jibini. Zdravka alipokuwa akiunga kidonge kidogo kwenye waya wa globu, mzee akainama kuchungulia.

"Hicho kidonge cheusi ni nini, mama? Dawa ya minyoo?"

"Dawa ya pupa. Uzi wa globu ni metali. Ukiwa baridi hauupingi umeme, unaubugia kwa mkupuo na kukatika. Kidonge ni kinyume chake: kikiwa baridi kinaubana umeme, kikipata moto kinauachia. Hapo uzi nao umeshapata moto, unajizuia wenyewe."

"Kama mimi na mke wangu. Yeye akipoa, mimi ndiyo naanza kuwaka."

Onyesho la alasiri likaanza, na jua la jukwaani, yaani ile globu, likachomoza polepole. Wakati wa mapumziko Zdravka aliliacha liwake. Lakini Gerasim, aliyezoea kuzima kila taa isiyo na mtu, alipoliona linamulika pazia lililofungwa, akalizima. Papo hapo pazia likafunguliwa. Giza tupu! Mzee akairukia swichi.

Zdravka akamdaka mkono. "Usiguse! Uzi umeshapoa, kidonge bado cha moto. Hakitazuia kitu."

Watu wakapiga miluzi. "Lipeni bili!" "Jua limekwenda kunywa rakia!"

Mkurugenzi akaja mbio. "Washa, Zdravka!"

"Bado."

"Washa, nimesema!"

"Bado, bwana."

Gerasim akanyakua kijiko kilicholala dirishani kwenye barafu, akakifuta kwa shati na kukigandamiza juu ya kidonge ili kukipoza. Zdravka akagusa kwa mgongo wa kidole, akangoja, akagusa tena. Ndipo akawasha. Uzi ukawa mwekundu, kisha wa njano, na watu wakashangilia wakidhani ndiyo alfajiri ya mchezo wenyewe.

Baadaye mkurugenzi alisimama mlangoni mwa basi. "Unangoja nini? Panda. Na hiyo globu usiigongegonge."

Habari ya kustaafu hakuigusa. Zdravka akapanda, skafu mapajani. Basi likateremka mlima, na Gerasim akarudi ndani kuzima taa ya ukumbi.