Nilivyomsubiri ng'ombe wa Brazili stesheni ya Arusha

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wangu shikamooni, kama mmebaki. Wadogo marahaba, hata wale ambao hamjaamkia.

Hii stori ni ya kweli. Chumvi nitatia, najijua, ila nyama yenyewe ni halisi.

Kuna kipindi mimi, kijana mzima mwenye ndevu tatu, niliamini kwa moyo wote kwamba kila nchi duniani itatuletea Wameru ng'ombe mmoja. India mmoja. Misri mmoja. Brazili mmoja, tena mwenye nundu. Watapanda meli, watashuka Tanga, watapanda treni mpaka Arusha, na sisi tutawapokea stesheni na kamba mkononi.

Msicheke kwanza. Ngojeni.

Enzi za Mwingereza tulikuwa tunakaa Engare Nanyuki, mashariki ya Mlima Meru. Wengi mnaijua hii historia. Serikali iliitaka ile ardhi iwe ya masetla, tukaambiwa tuhame. Hatukuhama. Wakaja askari na malori, nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa barabarani.

Ya siku ile sitayaandika yote. Kidole kinakuwa kizito.

Mimi nilikuwa mbele na mbuzi. Mama alikuwa nyuma na ng'ombe wetu wa maziwa. Jina lake la Kimeru kwa Kiswahili ni kama Majivu, kwa ile rangi yake. Baba alishafariki, kwa hiyo Majivu ndiye alikuwa mwanaume wa nyumba. Alikuwa akikoroma, chui wanahama kata. (Chumvi hiyo, niliwaambia.)

Mama alinifikia siku ya tatu, peke yake. Akasema Majivu amempotea kwenye kundi. Kamba ya Majivu alikuwa nayo mkononi. Akanipa, akakaa chini.

Tukapokelewa na mjomba, Nkoaranga.

Sasa wakuu, Nkoaranga kila mtu anaisifia. Migomba, kahawa, maji kila kona. Mimi nililia vumbi la kwetu. Kule kwetu ukitoka nje asubuhi unauona mlima umebomoka upande mmoja, na ndani yake kilima cha majivu, kama chungu ndani ya chungu. Ukigeuka, Kilimanjaro hiyo. Mto una maji mekundu yenye ladha ya magadi, ng'ombe wakiyanywa wanafumba macho. Nkoaranga mlima uko karibu mno, huuoni. Unaona ukungu na mgongo wa aliyekutangulia kwenye mteremko.

Mjomba alitukatia kipande cha shamba. Kilikuwa chembamba, ukilala kwa upana miguu iko kwa jirani. Mama akaotesha miche ya kahawa kivulini ili aje aipande pale.

Ndipo ikaja habari kwamba wazee wamemtuma mwenzetu mmoja Amerika, akaongee mbele ya mataifa yote yaliyokaa nyumba moja.

Hapo ndipo uvumi ulipozaliwa, na mimi nikaukumbatia.

Kwetu mtu akiunguliwa nyumba au akifiwa na mifugo, ukoo unakaa. Anasimama, anaeleza yaliyompata. Wakimwelewa, kila nyumba yenye uwezo inampa mtamba. Yule mtamba akizaa, ndama wa kwanza anarudi kwa aliyetoa. Ndivyo nilivyokua nikiona. Sasa ukiniambia mataifa yamekaa, mtu wetu amesimama, ameeleza, mimi nitaelewa nini?

Nilishaanza kuumiza kichwa ndama wa kwanza atarudije Brazili.

Wakati huo nilikuwa kibarua Arusha mjini, kwenye godauni la kahawa. Jumamosi napanda Nkoaranga, Jumatatu alfajiri nashuka. Mtu akaniambia kuna Maalim anafundisha jioni kwenye chumba cha uani kwake, watu wazima wanaotoka vibaruani. Nikaenda siku hiyo hiyo. Wenzangu walitaka kusoma barua na kusaini majina yao. Mimi nilitaka kujua kila nchi ina ng'ombe wa aina gani, nisije nikapewa wa ajabu.

(Kuna mkuu hapo chini ameuliza shule ilikuwa ya serikali au ya misheni. Mkuu, ilikuwa ya Maalim. Ubao wake ulikuwa mlango uliong'olewa bawaba.)

Maalim alikuwa mtu wa Pangani, mpole, miwani imefungwa uzi. Alikuwa na ramani ya dunia iliyokunjwa mpaka bahari zimetoboka. Akiifungua, sisi wote saba tunaacha kukohoa.

"Hapa India," anasema. "Mwingereza alikaa miaka na miaka. Hivi majuzi amefunga virago, wanajitawala."

Nanyoosha kidole. "Majani yao marefu?"

"Hapa Haiti. Watu weusi kama nyie. Walimwondoa Mfaransa kabla babu zenu hawajazaliwa."

"Wanafuga?"

Darasa linalipuka. Seremala mmoja Mchaga, Eliasi, alinigeuzia kiti kabisa: "We Mmeru, mtu anaambiwa weusi wamejitawala, yeye anauliza kwato!"

"Mwache," anasema Maalim. "Atazijua nchi zote kuliko nyie. Anaingilia zizini tu."

Na kweli nilizijua. Nchi arobaini kwa majina, na mikono yao ya bahari. Uholanzi ng'ombe weusi na weupe, maziwa ndoo tatu. Misri nyati wa majini, huyo nilimkataa moyoni. Brazili mwenye nundu, mvumilivu wa jua. Huyo ndiye niliyemchagua. Nilimwona kabisa kule Engare Nanyuki, anakunywa maji ya magadi, anafumba macho.

Kila siku ya treni ya Tanga nilipita stesheni baada ya kazi, kamba ya Majivu begani. Mpagazi mmoja Mnyamwezi akawa rafiki yangu kwa kunitania.

"Leo tena, bwana mifugo?"

"Leo tena."

"Ng'ombe wako kanyimwa pasi nini?"

"Brazili mbali, mzee."

"Mbali kweli. Labda anakuja kwa miguu."

Mabehewa yanafunguliwa: saruji, chumvi, mabati. Narudi zangu.

Kule Nkoaranga nikakichukua kile kipande cha mama, nikajenga zizi. Zizi haswa, nguzo za mlonge hazikuwepo nikakata za msituni, nikaezeka majani makavu ya migomba. Kila Jumamosi nakata majani mabichi, nayaweka horini. Jumamosi inayofuata nayakuta yamekauka, natoa, naweka mengine.

Miche ya kahawa ikarefuka kivulini mpaka ikaanza kujikunja.

"Hii miche inazeeka," anasema mama.

"Subiri kidogo, mama. Bado treni ya wiki ijayo."

Ananiangalia. Anaichukua ile takataka ya majani yaliyokauka, anawapa mbuzi.

Jioni moja Maalim hakufungua ramani. Alikuwa na gazeti. Akatusomea taratibu, kwamba mataifa yamepiga kura juu ya ardhi ya Wameru. Waliotuunga mkono walikuwa wengi, ila hawakufika kiwango kinachotakiwa. Kwa hiyo imebaki ilivyokuwa.

Eliasi, yule mtani wangu, aliinamisha kichwa kana kwamba ni ardhi ya baba yake.

Mimi nikanyoosha kidole. "Sawa Maalim, ardhi bado. Ng'ombe je?"

Hakuna aliyecheka. Maalim akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

"Mwanangu," akasema, "hilo nenda kamuulize mama yako."

Wakuu, nawaachia somo hapa kabla sijamalizia, maana nikimaliza sitaweza kuandika kitu kingine.

Nilihitimu kwa Maalim. Karatasi yake ninayo mpaka leo, imeandikwa kwa mkono, na naiheshimu kuliko shahada za wajukuu wangu wote, na wao wanajua. Ardhi tuliipata baadaye, Mwingereza akiwa anafunga mizigo, lakini mama alikuwa ameshatangulia. Mpaka leo nikipita njia ya kule nasimama, nauangalia mlima ulivyobomoka, na mkono wenyewe unatafuta kamba begani.

Kinachonikera ni hiki: nilizijua nchi arobaini, na sikuwahi kumuuliza mama swali hata moja kuhusu zile siku tatu alizotembea nyuma yangu.

Kama bibi yako au babu yako alikuwa kwenye ule msafara, tuandikie hapa alichokuambia. Kama hakukuambia na bado yupo, funga simu, kamuulize, uzi huu utaukuta.

Haya. Jumamosi ile nilimkuta mama amekaa kwenye lile zizi, miche ya kahawa ameipanga pembeni yake, jembe liko magotini. Nikamuuliza kama nilivyotumwa. Hakulia wala hakunicheka. Alisema:

"Baba, wale hawakukaa kugawa ng'ombe. Waliulizwa kama turudi kwetu, na waliokubali hawakutosha. Majivu alianguka njiani siku ya pili kwa baridi na mvua. Nilimfungua kamba mimi mwenyewe, nikamfunika majani. Hakuna ng'ombe anayekuja. Ng'oa hizo nguzo, tupande kahawa."