Minazi ya Uzeeni Katika Ardhi ya Kuazima

Saa tisa alasiri, kambi ya wajenzi wa barabara, Misugusugu, Kibaha. Msimamizi anagonga kipande cha reli kilichotundikwa mtini, na vibarua arobaini wanatua makoleo. Wengi wanatafuta kivuli. Shomari Husseini, mwenye miaka ishirini na sita, anajaza maji madebe mawili, anayatundika kwenye mzega na kuuweka begani.

"Babu, magoti hayajambo?" mwenzake mmoja anamtania.

"Yangu hayajambo. Yako utayauliza mwenyewe ukizeeka," Shomari anajibu bila kusimama.

Jina la Babu alipewa kwa sababu ya shamba analokwenda kulimwagilia, akiba yake ya uzeeni. Liko mwendo wa nusu saa kutoka kambini. Lina minazi michanga thelathini na mmoja, iliyopandwa masika ya mwaka 1950. Mwezi huu wa Novemba 1953 nusura yote ing'olewe.

Shomari ni mzaliwa wa Kisarawe. Shamba la marehemu baba yake liligawanywa kwa ndugu watano, na fungu lake halikutosha hata kwa muhogo. Alikuja Kibaha mwaka 1947 kutafuta kibarua. Leo analipwa shilingi moja na nusu kwa siku. Akifanya siku ishirini na sita anapata shilingi thelathini na tisa. Siku asiyofanya kazi halipwi, na kibarua wa kutwa hana pensheni wala kiinua mgongo.

Hilo aliliona kwa macho yake mwaka 1949. Mzee Mbaraka, aliyekuwa amechimba barabara miaka kumi na tisa, alishindwa kunyanyua kifusi mbele ya msimamizi. Alilipwa siku tano alizokuwa amefanya mwezi ule, akaambiwa asirudi.

"Koleo lake nilipewa mimi," anasema Shomari. "Nikahesabu. Yeye alianza akiwa na umri kama wangu. Mgongo ni ule ule."

Hesabu yake ya pili ilikuwa ya minazi. Mnazi mmoja ukitunzwa hutoa nazi arobaini kwa mwaka. Kwa senti kumi kila nazi, minazi thelathini na mmoja italeta shilingi mia moja na ishirini na nne. Huo ni mshahara wa miezi mitatu na siku chache. Si utajiri. Lakini mnazi huzaa miaka sitini, na haumwulizi mwenyewe kama bado ana nguvu.

Kasoro ilikuwa ardhi. Shamba ni la Bi Mwanamkuu, mjane wa miaka ipatayo sitini, aliyemwazima Shomari apande muhogo na kumpelekea pakacha moja kila mavuno. Desturi ya huku inajulikana: aliyeazimwa ardhi hupanda kinachong'olewa. Apandaye mti wa kudumu anadai mahali.

Shomari aliijua desturi hiyo. Alipanda minazi katikati ya muhogo bila kuomba.

"Nilijua angekataa," anasema. "Nikadhani miti ikishakua, hakuna atakayekuwa na moyo wa kuing'oa."

Muhogo uliificha miaka mitatu. Mwaka huu chakula kilipungua nyumbani, akang'oa muhogo wote kwa mara moja, na minazi ikabaki wazi. Bi Mwanamkuu, ambaye miguu yake haimruhusu kwenda shamba mara kwa mara, alikuja kutafuta kisamvu, akaikuta.

Jumatatu ya wiki iliyopita walikutana kwenye baraza la Jumbe Mwinyimadi, mkuu wa kijiji.

"Nilikupa udongo ulime, sikukupa shamba," Bi Mwanamkuu alimwambia.

"Bibi, nimekosa."

"Umekosa mara thelathini na moja."

Watu walicheka. Jumbe hakucheka. Alimwuliza mjane anataka nini.

"Ningetaka ing'olewe," alijibu. "Lakini mti hauna kosa. Basi ikae. Ale yeye mpaka afe. Siku akifa, minazi ifuate ardhi. Mtoto wake asije akawaambia wajukuu zangu kwamba hapa ni kwa baba yake. Akikubali, vizuri. Akikataa, Ijumaa baada ya sala nakuja na watu wenye mashoka."

Shomari ana mtoto mmoja, Zubeda, wa mwaka mmoja na nusu. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, Biasha, kwamba ni heri minazi ikatwe kuliko mtoto kufukuzwa chini yake.

Biasha alikuwa akitwanga. Hakuacha.

"Baba yangu nimemlisha miaka sita," alimwambia. "Wali wangu nilikuwa naugawa mara mbili, na yeye alikuwa analia kwa aibu. Najua uzito wa mzee asiye na kitu. Kama Zubeda hatakubeba wewe, amekwisha kurithi. Nenda ukakubali."

Ijumaa Bi Mwanamkuu alifika na Jumbe na watu wanne wenye mashoka ya mipini mipya. Shomari alikuwa amewatangulia shambani. Alikubali masharti mbele ya Jumbe, kila neno, na akarudia mwenyewe sehemu ya kifo ili mashahidi wasikie.

Minazi inatarajiwa kuanza kuzaa mwaka 1957. Mpaka hapo kazi ni kumwagilia, kupalilia na kuwazuia nguruwe mwitu.

Ana mpango mwingine. Masika ijayo anataka kupanda minazi kumi kwa ajili ya Zubeda, iwe yake na watoto wake. Hajui kama mjane atairuhusu, na safari hii hataipanda mpaka ajue.

Bi Mwanamkuu aliulizwa kuhusu mpango huo.

"Aje aombe," alisema. "Tangu nilipompa udongo alime, hajawahi kuniomba kitu."