Kiti cha Mama Mkwe

Ukitaka kulijua gari la viti saba, usianze na injini. Fungua mlango wa nyuma, kunja kiti cha katikati, upenye mpaka safu ya tatu, kisha ukae humo kwa muda mlango ukiwa umefungwa. Wauzaji wengi hupenda kukuonyesha buti viti vya mwisho vikiwa vimelazwa, nalo huonekana kama ghala. Visimamishe. Mara nyingi nafasi inayobaki hutosha mkate na mwavuli. Angalia pia kama kiti chenyewe kimewekwa chini mno, maana kikiwa chini magoti hupanda mpaka kifuani, na mtu mzima hawezi kufika Machakos akiwa amejikunja hivyo bila kumlaumu dereva.

Haya yote niliyajua. Niliwaeleza wenzangu kazini mjini wakati wa chai. Nilimweleza mke wangu akiwa anakaanga vitunguu, mpaka akaniambia, "Baba, hilo gari tutalinunua nikiwa tayari nimelichoka."

Tunaishi mtaa wa Satellite na watoto wetu wanne, na gari letu lilikuwa dogo. Halikutusumbua sana mpaka mama mkwe alipokuja kutoka Ukambani kutibiwa magoti. Tangu hapo kila Jumapili nusu yetu tulienda kanisani kwa gari letu na nusu kwa teksi, na siku za kliniki lazima mtoto mmoja aachwe kwa jirani. Mama aliyaona yote. Akaanza kumwambia mke wangu, polepole, kama mtu anayezungumzia mvua: "Nimewajaza. Heri nirudi nyumbani." Daktari alikuwa amesema matibabu yana miezi kadhaa bado, na kwamba akiyakatiza huenda asitembee tena vizuri. Kwa hiyo gari la safu tatu halikuwa anasa. Lilikuwa njia ya kumzuia Mama asiondoke.

Lazima nieleze jambo moja kwa msomaji asiyetoka kwetu. Mkamba na mama wa mke wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hatushikani mikono, hatukai kiti kimoja, hatuzoeani kwa maneno. Zamani mkwe akimwona mama mkwe njiani alichepuka vichakani. Siku hizi sote ni watu wa kanisa na mambo yamelegea, lakini hayajakwisha. Mama hakulala chini ya paa letu. Alilala katika chumba cha uani, nyuma ya nyumba, chenye mlango wake. Akiwa na neno kwangu alimpa binti yangu mkubwa alilete, hata kama nimesimama hatua chache kutoka alipo. "Mwambie baba yako chai iko tayari." Nami nikajibu, "Mwambie Susu asante." Susu ndivyo watoto wetu wanavyomwita bibi. Kwa Kikamba heshima hiyo huitwa nthoni, na neno hilohilo maana yake ni aibu. Nilidhani nalijua.

Jumamosi moja tulikwenda sote, nusu kwa teksi, kwenye yadi ya magari upande wa Ngong Road. Hilo nalishauri hata leo: usilinganishe magari kwa karatasi, wakalishe watu wako ndani. Gari la kwanza lilikuwa jeupe, zuri kwa nje. Binti yangu alipenya safu ya tatu, akatoa kichwa. "Baba, hii ni ya kubebea kuku."

Muuzaji hakukata tamaa. "Boss, basi kuja uone hii nyingine. Hii gari haina maneno kabisa. Mum, karibu, sikia kama uko sitting room."

La pili lilikuwa la kijivu, limeinuka juu kutoka ardhini. Bila kuambiwa na mtu, Mama alielekea safu ya tatu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbali zaidi na dereva, na dereva ni mimi. Nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu ningepata kuijaribu safu ile kwa mtu mwenye magoti mabovu. Nilimtuma binti yangu amweleze pa kushika na mguu wa kutanguliza. Akaingia, taratibu, akakaa. Mke wangu akampeleka mdogo msalani ofisini, nami nikageukia muuzaji tukazungumza habari za kiyoyozi cha nyuma.

Mama alipotaka kutoka, kiti cha katikati kilikataa kukunjika. Muuzaji alivuta kishikio, akavuta tena. "Hii huwa inashika kidogo tu, boss." Goti la Mama nalo lilikuwa limekaza. Mtu mwenye busara angemngoja mke wangu. Mimi nikasema kwa sauti ya upole, "Hakuna shida, gari kama hili lina njia mbili za kutoka." Nikafungua buti, nikalaza nusu ya kiti cha mwisho, nikampa binti yangu maelezo: Susu ageuke, apige magoti juu ya kiti kilicholazwa, arudi kinyumenyume mpaka huku tulipo.

Maelezo yalikuwa sahihi. Mama alitii kwa sababu hakuwa na la kufanya. Alikuja kinyumenyume, akitambaa, na gauni lake likanasa kwenye ndoano ya kiti, likabaki huko huku yeye akizidi kuja. Nami nilikuwa nimesimama papo hapo, nimeshika mlango wa buti usimwangukie, nikiendelea kueleza.

"Baba," binti yangu akasema. "Geuka."

Niligeuka nikiwa nimechelewa. Nilichokiona sitakiandika. Nyuma yangu nilisikia kitambaa kikivutwa, na pumzi ya mama mzee anayejitahidi kusimama bila kuomba msaada.

Tulipofika nyumbani hakuna neno lililonifikia kutoka kwake, hata kupitia mtoto. Jioni mke wangu alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mama anataka kurudi nyumbani Jumamosi ijayo."

"Nilikuwa namsaidia."

"Ulikuwa unaeleza."

Nikamwomba basi anisemee kwa mama yake. "La," alisema. "Hili nenda mwenyewe. Si kila kitu nibebe mimi."

Nilinunua blanketi zito, kwa sababu kwetu mkwe haendi kuomba msamaha mikono mitupu. Kesho yake mchana nilizunguka nyuma ya nyumba na binti yangu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wake, anachagua ndengu kwenye ungo. Nilisimama kando, uso nimeuelekeza kwenye kamba ya nguo. Masikio yalikuwa yananiwaka kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mwambie Susu nimekosa. Ilifaa nimngoje mama yako. Nilimwona kama mzigo wa kutolewa kwenye gari."

Binti yangu alianza kurudia, Mama akamkatiza. "Nimesikia, si kiziwi." Ndengu ziliendelea kugongana kwenye ungo. Kisha akasema, "Mwambie baba yako blanketi liwekwe ndani. Na mwambie hakuna aliyeniuliza ninataka kukaa wapi."

"Muulize anataka kukaa wapi."

"Mbele. Magoti yangu yanataka mbele, pa kunyoosha. Lakini mbele yuko yeye."

Nilikuwa nimepima nafasi ya magoti katika safu zote. Kiti cha dereva sikukigusa hata kwa mawazo, wakati mke wangu ana leseni na huendesha vizuri kuliko mimi. Kila Jumapili nilishika usukani kwa sababu mimi ndiye baba wa nyumba, basi.

Ikafika ile Jumamosi. Mama alikuwa amefunga mkoba wake tayari. Mke wangu alimwomba kitu kimoja tu, kwanza atusindikize yadi kujaribu gari la mwisho. Lilikuwa jeusi. Mke wangu alishika usukani, Mama akakaa kando yake miguu imenyooka, watoto watatu wakajaza safu ya katikati, nami nikapenya safu ya tatu pamoja na binti yangu mkubwa. Muuzaji alituangalia, akaniuliza, "Boss, una uhakika?" Alitufuata kwa gari lingine.

Tulipita Muthangari, tukapanda vilima vya Kitisuru ili tuone linavyovuta. Magoti yangu yalikuwa karibu na kidevu. "Baba, ukitapika, geukia dirisha lako," binti yangu alisema. Kwenye mzunguko mmoja wa barabara tulisimama sambamba na mzee wa kanisa letu. Alimsalimu mke wangu, akamsalimu Mama kwa heshima, kisha akaniona mimi huko nyuma, shavu kwenye kioo. Hakujua apunge mkono au aangalie pembeni. Akaangalia pembeni.

"Tulichukue, au tuendelee kutafuta?" mke wangu akauliza, macho barabarani.

Nilikuwa na mengi ya kusema. "Muulize Mama," nikasema.

Mama hakugeuka. "Linanifaa. Muulizeni yeye kama anapumua huko."

Ujumbe ulisafiri kiti kwa kiti mpaka ukanifikia. Nilijibu kwamba napumua, ingawa mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi.

"Basi pitia sokoni," Mama akamwambia binti yake. "Tununue mboga za wiki."

"Za wiki nzima?"

"Kwani wiki ijayo tutakula nini?"

Sokoni wote walishuka, binti yangu akiruka juu ya kiti kama mbuzi. Milango ikafungwa. Hakuna aliyekumbuka kunikunjia kiti cha katikati, na kutoka nilipokaa sikuweza kukifikia kishikio. Nilimwona Mama kupitia kioo, ameshika mkono wa mke wangu, anachagua sukuma wiki. Niliona haya kugonga dirisha, nikakaa nikiwangoja.