Dorgo Alirudi na Machela, na Mdogo Wangu Anajua

Admin, ficha jina langu na la ukoo, maana huku mlimani habari inashuka haraka kuliko maji ya mfereji.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nne, nyumbani ni Marangu. Shule niliishia darasa la tano, lakini msinidharau. Nimebeba mizigo ya wageni mlimani miaka ishirini na mbili. Kuna safari nilipandisha jiko, mtungi wa gesi na meza ya kulia, na juu yake kuku wawili wazima, mmoja akataga njiani. Waulizeni wapagazi wa zamani, kama wapo walio hai.

Mwaka jana niliteleza shambani nikavunjika mguu, nikakaa ndani miezi minne. Binti wa mdogo wangu, mimi ni baba yake mkubwa, anafanya kazi Moshi mjini. Akaniletea mashine yake ya gemu, akaichomeka kwenye tivii. Akasema, "Baba mkubwa, utachoka kutazama ukuta. Cheza hii." Ni gemu la hadithi. Unaongoza watu watano kuvuka milima ya barafu, unawalisha, unawavisha, unaamua nani apewe blanketi na nani avumilie. Kiingereza kinanipiga chenga, kwa hiyo Jumamosi akija ananisomea wanayosema. Nikawapenda wale watu na sioni aibu. Yupo bibi mganga anayegombana na kila mtu huku anawafunga vidonda. Na yupo Dorgo, mpagazi wao, jitu kubwa lisilo na maneno.

Huyo Dorgo ndiye anayetukanwa na kila anayelicheza gemu hilo. Katikati ya hadithi dhoruba inawakamata, bibi anaanguka, na Dorgo anatua mizigo anashuka peke yake kwenye ukungu. Wachezaji wanakasirika, wanambeba bibi wanasonga mbele, na hawamwoni tena. Mitandaoni wanamwita mwoga, msaliti, mbwa. Mimi sikusonga. Nilimwambia binti, "Mpagazi hatui mzigo bila sababu." Nikawakalisha hemani siku tatu za mle ndani ya gemu, mpaka chakula kikaisha. Dorgo akarudi na watu sita na machela. Binti alishika kichwa. "Baba mkubwa, nimelimaliza mara mbili na sijawahi kuona hili."

Desemba ukoo wote ukapanda nyumbani. Mbuzi kachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo, mimi kama mkubwa nimewekewa kidari changu. Binti akawa anawasimulia habari za Dorgo. Baba yake, mdogo wangu, ametoka Dar na gemu hilo amelicheza, akacheka. "Lile jitu linalokimbia? Mimi gemu nililifuta siku ileile. Takataka."

Nikamwambia taratibu, "Hukusubiri."

Akafuta mafuta mdomoni. "Kaka, wewe huwezi kuona kosa lake. Dorgo ni wewe. Si ulimwacha mwenzako juu mpaka akaoza vidole?"

Ndugu zangu, hii siyo hadithi yangu ya kuku. Mwaka wangu wa tatu mlimani, mwenzangu mmoja wa Tarakea alizidiwa na baridi, anatapika, hasimami. Nilimfunika koti langu, nikatua mizigo, nikashuka. Nilirudi na wanaume wanne na machela. Alipona, ila vidole vitatu vya mguu vilikatwa. Na mmoja wa wale wanne alikuwa mdogo wangu mwenyewe, kijana hata hajaoa. Alishika machela upande wa miguu. Alikuwa analia.

Nikasema pale mbele ya ukoo, "Nilirudi." Shangazi yetu akadakia, "Na chui alikusindikiza, au siku hiyo alikuwa na shughuli?" Watu wakaanguka kicheko. Siwalaumu sana, nimewadanganya miaka mingi kwa hadithi za chui na kuku, na walifurahi. Nikamtazama mdogo wangu anisemee neno moja tu. Akashusha macho kwenye sahani, akaendelea kutafuna. Yale mafuta yakimtiririka kidevuni yalinipa kinyaa ambacho mpaka leo nyama ya mbuzi haipiti kooni. Niliondoka, kidari nikakiacha palepale.

Sasa wiki iliyopita kanitumia isale. Kwa wasiojua, kwetu mkosaji anabeba jani la isale mkononi mpaka mlangoni kwa aliyemkosea, na ukiletewa hukatai. Yeye katuma picha kwenye simu. Jani hata halijakatwa, liko kwenye mti wake, kwenye ua wa mtu. Chini kaandika, "Yaishe kaka, sendofu ya binti imekaribia, wewe ndiye wa kumkabidhi," na kikatuni kinacheka. Binti anaolewa, na sendofu ndiyo sherehe ya kumuaga kwao. Kuhusu kuwaambia watu ukweli, kimya. Mama yetu, bado yupo, anasema isale ni isale, nikikataa najitafutia laana. Kwangu mimi picha si isale.

Ningekataa, yaishe. Lakini juzi binti kaja mwenyewe, kakaa kitandani kwangu. "Baba mkubwa, usipokuja nasimama na nani?" Akasema, "Mimi nakuamini. Ila niambie, siku ile uliporudi, kuna mtu aliyeona?"

Nilimwambia nitamjibu kabla ya sendofu. Nikimtaja aliyeona, na aliye hai ni mdogo wangu tu, binti anaingia ukumbini ameshikwa mkono na baba ambaye hawezi kumtazama usoni. Nikisema hakuna, nimejitukana mwenyewe, na yeye aliyenishika mkono tukimsubiri Dorgo kwenye gemu anabaki na wasiwasi juu yangu maisha yake yote. Siku zimebaki tisa.

Ninyi mnaosoma, wenye busara na wenye mabinti, nisaidieni. Nimjibu nini mtoto huyu?