Pengo la Kinanda cha Nachingwea

Meza yangu ya vitumbua pale stendi ya Ruangwa ilipata mpiga kinanda kabla mimi mwenyewe sijajua kinanda cha kweli kinafananaje. Alikuwa mzee mrefu, mwenye shati la mikono mirefu alilolifunga vifungo mpaka kooni hata jua likiwa kali. Alikuja asubuhi, akanunua vitumbua na chai ya rangi, kisha akaweka vidole juu ya ubao wa meza akaanza kuutembelea. Mkono wa kushoto ulikwenda polepole kama mtu aliyebeba mzigo wa kuni, wa kulia ukarukaruka mbele kama watoto wake. Vikombe vyangu vikawa vinatetemeka.

"Babu, utamwaga chai ya wateja," nikamwambia.

"Wateja gani? Niko peke yangu."

"Watakuja."

"Wakija watakuta mziki."

Nikacheka, kwa sababu mimi kucheka ni rahisi, na tangu siku hiyo nikawa namwachia upande mmoja wa meza. Kila asubuhi alipiga, na kila alipopiga nilimwona akifika mahali fulani mkono wa kulia unasita, kidole kinabaki hewani, halafu unaendelea. Nilidhani ni uzee.

Nilipomuuliza anapiga nini, alisema anapiga kinanda cha mbao, kile kilichobaki Nachingwea tangu enzi za wazungu wa karanga. Mashamba yao ya karanga yalishindikana, lakini klabu yao ilidumu miaka mingine, na yeye akiwa kijana alipata kazi pale ya kufua vitambaa vya meza. Mchana klabu ikiwa tupu alikaa kwenye kinanda akajifundisha. Hakuna aliyemwonyesha. Funguo za kinanda aliziita meno, mpaka leo anaziita hivyo. "Kina meno mengi kuliko mamba," aliniambia, "na kinaimba kuanzia tumboni. Hiki changu cha umeme kinaimba puani."

Alikuwa nacho hicho cha umeme, amekifunga kwenye blanketi. Alishazunguka navyo vya namna hiyo karibu maisha yake yote: Lindi, Mtwara, Dar es Salaam, enzi ambazo kila mji wenye taa ulikuwa na jazz yake. Nilimuuliza jazz ni nini hasa. Akafikiri, akasema ni mziki wowote unaoupiga ukiwa umevaa suruali iliyonyooshwa kwa pasi. Bendi kubwa zilipokufa moja baada ya nyingine alirudi nyumbani Ruangwa akaunda bendi ya watu watatu: kinanda, besi na ngoma. Watatu kwa sababu mafiga ni matatu na chungu hakidondoki. Pia kwa sababu nyuma ya pikapu ya korosho watatu na vyombo vyao ndio wanaoenea.

Katika miaka yote hiyo alikuwa na hamu moja tu, na hakuificha. Alitaka akae tena mbele ya kile cha mbao, akipige wimbo mmoja mzima, kabla vidole havijamkataa. Na vidole vilikwisha kuanza. Msimu wa baridi viungo vilimvimba, akawa anavikunja juu ya mvuke wa birika langu. Lakini ile klabu ya zamani ilikuwa imegeuzwa stoo. Mara magunia, mara salfa ya kupulizia mikorosho, na mlango wake ulikuwa na kufuli kila alipopita. Kwa hiyo alipiga meza yangu.

Mimi niliingia kwenye bendi kwa njia ya jikoni, kama ninavyoingia kila mahali. Huko kwetu Nandagala mwali alikuwa anatolewa, na kina mama walinipa ngoma kwa sababu tangu nilipochezwa unyago mimi mwenyewe walijua mikono yangu haitulii. Babu na mwenzake walikuwa wamekodiwa kupiga baadaye. Mpiga ngoma wao alikuwa ameshakwenda Dar kuuza simu; yule wa kabla yake aliokoka akakataa kupigia wanaokunywa. Babu alisimama akanisikiliza na sahani ya pilau mkononi.

"Wewe si wa vitumbua?" akaniuliza.

"Ndimi."

"Kumbe mkono wa kukandia unga unafaa na kazi nyingine."

Mwenzake, mpiga besi, alikuwa fundi baiskeli, Myao mnene mwenye sauti nyembamba. Babu ni Mmwera. Hao wawili ni watani, na walivyokuwa wakitukanana nilidhani siku ya kwanza kwamba bendi imevunjika kabla sijaingia.

"Usimsikilize huyu," mpiga besi aliniambia. "Wamwera wanapiga kinanda kama wanavyopalilia, kichwa chini, mgongo juu."

"Na Myao akishika besi," Babu akajibu, "watu wanaangalia mifuko yao kwanza."

Mama alinisikia nikisema nimekuwa mpiga ngoma wa jazz, akaniuliza kama jazz inakaanga vitumbua. Nikamwambia bado, lakini siku moja utaniona kwenye televisheni. Akasema basi nimpungie mkono.

Shida yangu katika bendi ilikuwa lile pengo. Kwenye kila wimbo, mahali fulani, kinanda kilikuwa kinanyamaza kidogo, kiasi cha kupepesa jicho. Nilidhani Babu amesahau, nikawa nalijaza kwa kishindo. Mpiga besi akanivuta pembeni.

"Usilipige hilo. Hilo lina mwenyewe."

"Nani?"

"Jino bovu la kule Nachingwea. Kile kinanda alichojifunzia kilikuwa na jino moja limeng'ang'ania, ukilibonyeza haliendi. Akajifunza kuliruka. Sasa hata kwenye kinanda kizima analiruka. Nimepiga naye tangu nina nywele, sijamsikia akiligusa."

Nikajaribu kuliacha. Ikawa vigumu, halafu ikawa tamu. Besi ilikuwa inaegemea pale, nami nikajifunza kuegemea pale; Babu alisema ni kama mnavyokaa watatu kwenye benchi lenye ubao uliovunjika na kila mtu anajua pa kuweka makalio. Watu waliocheza mziki wetu hawakujua, lakini miguu yao ilijua. Pale kwenye pengo wote walikuwa wananyanyua unyayo.

Nilipolala nilikuwa nalifikiria hilo jino. Nililiona kama mtu aliyeondoka nyumbani na nyumbani wakaendelea kumwekea sahani.

Halafu ikaja ile sherehe ya Nachingwea. Baba mmoja wa Mtua, aliyevuna korosho vizuri, alitaka kumtoa mwanawe wa kike kwa heshima, akakodi ukumbi mjini. Alipompigia Babu simu kueleza ukumbi uko wapi, Babu alisimama. Alikuwa amekaa mezani kwangu, akasimama na kikombe mkononi.

"Ile klabu?" akauliza. "Kwani wameifungua?"

Akajibiwa wameifungua, wameipaka rangi, wanaikodisha. Babu akaweka kikombe mezani. Ndipo akauliza kilichokuwa moyoni, kwa sauti ya mtu anayeulizia ndugu aliyekuwa mgonjwa. "Kile kinanda kilichokuwa pembeni, kipo?"

Kipo. Mlinzi anakitunza sana.

Babu alikata simu, akaniomba birika. Siku zilizofuata alikanda vidole vyake kwa mvuke na mafuta ya nazi, akawa hashiki jembe wala hafungui chupa. Mpiga besi alimwambia, "Ambuje," ndivyo Wayao wanavyomwita mkubwa, naye alilitumia kwa kejeli, "hata siku ya ndoa yako hukujipaka hivi."

"Siku ya ndoa nilikuwa na uhakika wa kupokelewa."

Tulifika Nachingwea kabla ya adhuhuri, mapema mno. Babu ndiye aliyetaka hivyo. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vya plastiki vimepangwa, mapambo ya vitambaa vya njano yamening'inia. Mlinzi alikuja na ufunguo, mtu wa makamo mwenye viatu vya mvua, mchangamfu, na Babu akamweleza kwa kifupi kwamba aliwahi kufanya kazi hapa. Mlinzi alifurahi mno. Akatupeleka pembeni, akafunua turubai.

Kilikuwa cheusi. Ninamaanisha cheusi kabisa, kinang'aa kama sufuria lililolowa. Babu alisogea, kisha nikamwona anavuta hewa puani.

"Unaona kilivyonona?" mlinzi akasema. "Mchwa walikula milango yote miwili na meza ya kaunta. Hiki hawajakigusa. Kila mwaka mvua zikikaribia nakipaka oili chafu. Naomba kwa mafundi wa magari, nakipaka nje na ndani."

"Ndani?" Babu akauliza.

"Ndani kabisa. Nafungua kifuniko, natumia brashi. Mchwa huanzia ndani, mzee, wewe unajua."

Nasi tunajua. Nguzo zote za kwetu Nandagala mama anazipaka oili chafu, na zizi, na mpini wa mlango wa choo. Ukipenda kitu cha mbao usichotaka kiliwe, unakipaka oili. Mlinzi yule alikuwa amekipenda.

Babu alivuta kiti akakaa. Akaweka mikono juu ya meno, taratibu, akapiga.

Hakikulia. Kulikuwa na kishindo laini, du, du, kama mtu anayekung'uta godoro. Vile vinyundo vya ndani, vilivyovishwa sufi ili vigonge nyaya, vilikuwa vimekunywa oili miaka mingi mpaka vimekuwa kama matambara. Babu alipiga mkono wa kushoto wote, kisha wa kulia. Du, du, du. Akaacha mikono pale pale. Mimi nilikuwa na machozi tayari, mimi siwezi kujizuia, nikageuka nikajifanya nafunga kamba za ngoma.

Mlinzi akaanza kuelewa. Tabasamu lake likawa linapungua. "Nimekiharibu?" akauliza.

Hapo ndipo mpiga besi alipofanya kazi yake. Kwetu mtu akifa, ni mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchezea msiba. Atavaa kanzu ya marehemu, atalala mlangoni jeneza lisitoke, mpaka mfiwa acheke. Yule Myao akachomoa kitambaa cha njano kwenye mapambo, akajifunga kichwani kama mjane, akalala sakafuni mbele ya kinanda na tumbo lake juu.

"Hatoki mtu," akasema kwa ile sauti nyembamba. "Marehemu simjui vizuri, lakini ananuka gereji. Mfiwa ni nani hapa? Yule Mmwera? Mwambieni asilie, wao machozi yao wanayafanya chumvi ya mboga."

 Kisha mabega ya Babu yakaanza kutikisika, na sikujua ni kicheko au ni kitu kingine mpaka nikasikia kicheko.

"Toka hapo, mchawi wewe," akasema. "Unamziba pumzi."

Akamgeukia mlinzi, akamshika mkono ule wenye weusi wa oili kwenye kucha. "Umekitunza," akamwambia. "Isingekuwa wewe ningekuta vumbi la mchwa. Nimekiona, na nimekikalia."

 Mlinzi alifuta kiti cha jirani kwa mkono wa shati, ingawa hakikuwa na vumbi.

Babu alirudi kwenye kinanda kana kwamba anakiaga, akapitisha kidole kimoja juu ya meno, moja moja. Akafika kati, upande wa kulia kidogo, akasimama. Akabonyeza. Akatuangalia.

"Linakwenda," akasema.

Lile jino. Oili ilikuwa imelilegeza. Akalibonyeza tena, taratibu, mpaka chini, na nilipoinamisha sikio nikaamini nimesikia waya ukilia mbali sana ndani, kama mtu anayeitikia hodi akiwa uani. Labda nilitaka tu kusikia. Babu aliendelea kulishikilia chini muda mrefu baada ya sauti kwisha.

Alasiri tulipiga kwa kinanda cha umeme, kile cha puani. Mwali alitoka akiwa ameinamisha macho, kina mama wakapiga vigelegele, watu wa Mtua wakacheza mpaka rangi mpya ya sakafu ikachubuka. Wimbo wa tatu tukafika kwenye pengo. Nikaegemea, mpiga besi akaegemea, na Babu akalipiga.

Sauti moja, safi, mahali ambapo haijawahi kuwapo. Nilipotea. Fimbo yangu iligonga chuma badala ya ngozi, besi ikajikwaa, na wachezaji walionyanyua unyayo wakabaki hawajui pa kuushusha. Babu hakututazama. Alikuwa amefumba macho na shati lake limefungwa mpaka kooni. Tulipojikusanya, wimbo ukazunguka ukarudi pale pale, nami nikajiandaa safari hii.

Akaliruka. Akatuachia pengo letu, na miguu ya watu ikarudi mahali pake.

Sikumuuliza kwa nini. Mpiga besi alimuuliza njiani, akajibiwa kwamba Wayao hawapendi kubadilishiwa benchi.

Sasa vidole vimemkataa kweli. Tunapigia wachache, na wakati mwingine tunakwenda wawili, besi na ngoma, na wenye sherehe wanauliza kinanda kiko wapi. Lakini asubuhi bado anakuja stendi. Ananunua vitumbua, anaweka mikono juu ya ubao wa meza yangu, na ingawa vidole havikunjuki, mikono inakwenda, wa kushoto na mzigo wake, wa kulia mbele. Vikombe havitetemeki tena. Ninageuza vitumbua huku namtazama kwa pembe ya jicho, nasubiri afike pale kati, upande wa kulia kidogo. Siku nyingine analiruka. Siku nyingine anaweka kidole kimoja juu ya ubao, anakishikilia, na mimi ninaacha kijiko hewani mpaka akiondoe.